Habari za Fedha ya Masomo, Tangu Siku za Bursari Hata Siku za Mkopo

Imeandikwa na Katibu wa Chama

Kamati iliyosimamia kitabu hiki iliponiagiza niandike habari za elimu katika muda wa miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, nilidhani kwamba kazi hiyo itakuwa nyepesi. Nilidhani nitafungua majalada, nihesabu semina za wajumbe wa bodi na mafunzo ya makarani wa mizani, niandike tarakimu zake, na mambo yatakuwa yamekwisha. Lakini nilipoyasoma majalada yenyewe niliona jambo jingine. Ukiondoa bei ya kahawa na kuchelewa kwa mbolea, hakuna neno lililoulizwa na wanachama katika mikutano yetu mara nyingi kuliko hili: mtoto wangu amefaulu, je, fedha ya masomo yake nitaipata wapi? Limeulizwa na wazee, limeulizwa na akina mama wajane, na mara moja liliulizwa na mjumbe wa bodi ambaye sisi sote tulimdhania kuwa ni mtu mwenye uwezo.

Kwa hiyo nikaomba ruhusa ya Mwenyekiti nisiandike habari za semina, bali niandike historia ya swali hilo. Ruhusa ilitolewa. Nina sababu nyingine pia, nayo nitaieleza mahali pake.

Ushirika umelikuta swali hili tangu ulipozaliwa. Wale watu 28 wa mji wa Rochdale huko Uingereza, wafumaji na mafundi waliofungua duka lao mwezi wa Desemba 1844, hawakukaa miaka mingi kabla ya kukubaliana kwamba asilimia 2.5 ya ziada yao itengwe kwa ajili ya elimu. Wakafungua maktaba na chumba cha kusomea magazeti. Nalitaja jambo hili kwa sababu tumezoea kusikia kwamba elimu ni kazi ya Serikali na ushirika ni kazi ya mizani. Walioanzisha ushirika hawakuona hivyo, nao hawakuwa matajiri.

Sasa tuje kwetu. Katika siku za utawala wa Waingereza, Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Aliyetaka masomo ya juu alikwenda Makerere, nchini Uganda, chuo kilichoanza mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi tu. Nafasi zilikuwa chache mno, na aliyebahatika kupata nafasi alisoma kwa bursari. Neno hilo vijana wa leo hawalijui sana. Bursari ni fedha aliyopewa mwanafunzi ili asome, wala hakuirudisha. Nyingine zilitolewa na Serikali, na nyingine zilitoka katika Hazina za Wenyeji, yaani fedha za kodi zilizowekwa chini ya machifu. Misheni nazo zilisaidia wanafunzi wao. Katika mambo hayo yote mkulima wa kawaida alikuwa mlipaji wa kodi, lakini si yeye aliyechagua mtoto gani alipiwe. Shule ya Serikali ya Tabora yenyewe hapo mwanzo ilikusudiwa hasa kwa wana wa machifu. Hata Mwalimu Julius Nyerere, ambaye maisha yake yote hakupenda ukubwa wa kuzaliwa, alikuwa mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki. Yeye aliingia Makerere mwaka 1943, akamaliza mwaka 1945 akiwa na stashahada ya ualimu. Na mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kwa msaada wa masomo, akarudi mwaka 1952 na shahada yake. Wenye bahati ya namna hiyo katika nchi nzima walihesabika.

Pamoja na wana wa machifu, walikuwako watu waliosomeshwa kwa sababu ya pamba na kahawa. Mzee Paul Bomani alikuwa katika kazi ya kuwaunganisha wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa alipopelekwa Loughborough, Uingereza, mwaka 1953, kusoma mambo ya ushirika. Aliporudi, kazi ile ikaendelea kwa nguvu mpya, na mwaka 1955 ukaandikishwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, uliokuja kuwa mmojawapo wa miungano mikubwa kabisa ya wakulima katika Afrika. Huko Kilimanjaro, KNCU, kilichoandikishwa mwaka 1933, kilitumia sehemu ya mapato ya kahawa kwa mambo ya elimu, na mji wa Moshi ukawa kitovu cha masomo ya ushirika katika nchi yetu. Mwaka 1963 kilianzishwa hapo Chuo cha Ushirika, ambacho mwaka 2014 kimekuwa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Wahasibu wa vyama vingi wamepita hapo. Mhasibu wetu wa sasa amepita hapo.

Lakini kisa ambacho nataka tukae nacho kidogo ni cha majirani zetu wa Kenya, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo mimi nimelifikiri sana kabla ya kuandika ukurasa huu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Kenya ilikuwa na vijana waliofaulu, na chuo kikuu chao wenyewe hawakuwa nacho. Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amesoma mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin mjini Oxford, alikwenda Marekani akavishawishi vyuo vya huko viwapokee vijana hao. Vyuo vikakubali. Vingi vilikubali kusamehe karo, na vingine kutoa chakula na malazi. Basi mtu angedhani kwamba shida imekwisha. Haikuwa imekwisha hata kidogo, kwa maana kijana wa Nyeri au wa Kisumu aliyeshika barua ya kukubaliwa hakuwa na nauli ya kuvuka bahari. Karo ya miaka minne ilikuwapo, nauli ya siku mbili haikuwapo.

Hapo ndipo Mboya na rafiki zake walipokusanya fedha ya kukodi ndege. Miongoni mwa Wamarekani waliotia sahihi barua ya kuomba msaada alikuwamo Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, pamoja na Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier mwigizaji. Ndege ya kwanza iliondoka mwezi wa Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata mpango ukapanuliwa, ukachukua na vijana wa nchi nyingine za upande huu wa Afrika, Tanganyika ikiwamo. Serikali ya Marekani hapo kwanza ilikataa kutoa nauli. Mboya akamwendea Seneta John Kennedy, ambaye wakati huo alikuwa anagombea urais, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Katika kundi la mwaka 1960 alikuwamo msichana wa Nyeri, Wangari Maathai, aliyekwenda kusoma katika jimbo la Kansas, naye mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Na huku nyumbani wazazi hawakukaa mikono mitupu. Vijiji vilifanya michango, watu wakauza mifugo, chai ikapikwa na kuuzwa katika mikutano, ili mtoto awe na fedha mfukoni na koti la baridi. Mimi sidhani kwamba watu wale walikuwa na mapenzi ya elimu kuliko sisi. Nadhani walielezwa wazi kiasi gani kinapungua, nao wakaona kwamba kiasi hicho wanakiweza.

Sasa turudi Tanganyika. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU lililokuwa Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi 14. Baada ya Uhuru, Serikali ilichukua mzigo wa masomo ya juu mabegani mwake: karo, chakula, malazi, vitabu, hata fedha ya matumizi. Karo za shule za sekondari nazo zikaondolewa katikati ya miaka ya 1960. Kwa upande wake, mwanafunzi alifungwa na ahadi ya kuitumikia nchi kwa miaka mitano baada ya kumaliza. Wazee wengi wa Chama hiki wanazikumbuka siku hizo kwa furaha, nao husema mbele yetu vijana kwamba wakati huo mtoto wa maskini alisoma bure. Ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba waliofika huko juu walikuwa wachache sana, na waliobaki vijijini ndio waliolima pamba, katani na kahawa zilizolipa gharama hiyo.

Jambo hilo lilijitokeza waziwazi siku ya tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kila mhitimu wa masomo ya juu atatumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, miezi mitano kambini na muda uliobaki kazini mwake akipokea asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu hawakupendezwa. Wakavaa majoho yao, wakaandamana mpaka Ikulu, wakamsomea Rais maneno yao. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawajibu kwa ukali. Akakubali kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa kupita kiasi, na hapo hapo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wanafunzi wakarudishwa makwao, na wengi wao wakakubaliwa kurudi masomoni mwaka uliofuata.

Nimewahi kuwasikia watu wawili wakibishana juu ya kisa hiki katika ghala letu, wakati wa kusubiri lori. Mmoja alisema kwamba wanafunzi walikuwa na haki ya kusema, kwa sababu jambo lililazimishwa. Mwingine, mzee wa miaka zaidi ya 80, akasema: "Mwanangu, mimi mwaka ule nilikuwa nalipa kodi kwa jembe. Aliyekula kodi yangu hakuniuliza mimi nilazimishwe au nisilazimishwe." Sikuona kwamba mmoja wao alikosea kabisa. Ila naona kwamba tangu siku hiyo suala la fedha ya masomo halikuwa tena suala la sadaka. Lilikuwa suala la deni, hata kabla neno mkopo halijaanza kutumika.

Azimio la Musoma la mwezi wa Novemba 1974 likaongeza sharti jingine. Kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuweza tena kwenda Chuo Kikuu moja kwa moja. Alitakiwa kwanza afanye kazi, apate sifa ya watu aliofanya nao kazi. Shabaha yake ilikuwa njema, na kwa njia hiyo watu wazima wengi waliokuwa wamekata tamaa walipata kusoma. Lakini wasichana walipungua, kwa maana msichana aliyekaa nyumbani au kazini miaka miwili mara nyingi aliolewa, na baada ya muda mfupi Serikali ililegeza sharti hilo kwa ajili yao.

Kisha ukaja mwaka 1976. Mwezi wa Mei vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Sitaki kuyafukua yote, kwa sababu yameandikwa mahali pengine katika kitabu hiki. Nataka kusema neno moja tu linalohusu habari hii: chama kilichovunjwa hakiwezi kumlipia mtoto ye yote. Vyama viliporudi kwa sheria ya mwaka 1982, vilirudi vikiwa maskini, na wanachama walirudi wakiwa na shaka. Shaka hiyo ingalipo. Nimeiona kila nilipotaja neno "makato" mbele ya mkutano.

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu kwa nchi nzima, na Serikali haikuweza tena kuubeba mzigo ule wote. Kenya ilikuwa imekwisha anza mpango wa kuwakopesha wanafunzi wa chuo kikuu mwaka 1974, na mwaka 1995 ikaunda bodi yake ya mikopo. Kwetu, kuchangia gharama kulianza hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990: kwanza nauli na ada ndogo ndogo za kujiandikisha, kisha chakula na malazi. Tangu mwezi wa Julai 1994 fedha aliyopewa mwanafunzi ikahesabiwa kuwa mkopo. Wengi walioipokea miaka ile hawakuamini kwamba itadaiwa, wakaitia katika fungu la bursari za zamani. Walishangaa baadaye makato yalipoanza kuonekana katika mishahara yao.

Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 ndiyo iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na Bodi ikaanza kazi mwezi wa Julai 2005. Mkopo wake umegawanywa katika mafungu: chakula na malazi, ada ya masomo, vitabu na vifaa vya kuandikia, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, na utafiti. Si kila mwanafunzi hupata mafungu yote, wala kila fungu halitolewi kamili. Hutegemea uwezo wa wazazi na somo analosoma. Fedha inayorudishwa na waliotangulia hukopeshwa wanaofuata, kama vile maji ya mfereji yanavyopokewa kutoka shamba hata shamba, na anayeyafunga juu humkausha aliye chini. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, na makato ya mwajiriwa yakawa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Wengi walilalamika, na zaidi walilalamikia asilimia 6 iliyoongezwa kila mwaka juu ya deni ili kulinda thamani ya fedha, kwa sababu mtu aliweza kulipa miaka mingi na deni lisipungue. Nyongeza hiyo iliondolewa mwaka 2021. Mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo ikafikishwa pia kwa wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya fani, zikiwamo afya, ualimu wa ufundi, nishati, madini na kilimo. Na kwa shule za chini, ada ya kidato cha kwanza hata cha nne iliondolewa tangu mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022.

Basi mwanachama atauliza: ikiwa ada imeondolewa na Bodi ipo, kwa nini swali lile lingali linaulizwa katika mikutano yetu?

Hapa ndipo ninapolazimika kujitaja. Mimi nilimaliza kidato cha sita nikapata nafasi ya chuo kikuu. Baba yangu alikuwa amekwisha fariki miaka mingi nyuma, nyumbani, na hapana mtu aliyefikiri kwenda kuandikisha kifo chake. Fomu ya mkopo ilitaka cheti cha kifo. Nilianza kukitafuta siku ile niliyoiona fomu, na siku ile ilikuwa imechelewa. Nilikwenda ofisi moja nikaambiwa nianzie nyingine. Cheti nilikipata, lakini nilikipata baada ya muda wa maombi kufungwa. Mama akasema tusubiri mwaka mmoja. Mwaka huo akaugua, mimi nikashika kazi ya ukarani wa mizani katika chama chetu cha msingi, na mwaka mmoja ukawa kumi na zaidi. Sisemi haya ili nihurumiwe, kwa maana kazi hii naipenda. Nasema kwa sababu sikukosa masomo kwa kukosa mamilioni. Nilikosa kwa karatasi moja na nauli za kuifuatia.

Katika miaka 10 hii nimeyaona mambo ya namna ile ile yakiwapata watoto wa wanachama. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na Wakala wa Usajili, yaani RITA. Aliyefiwa na mzazi lazima awe na cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Fomu lazima isainiwe na serikali ya kijiji au mtaa na mbele ya kamishna wa viapo, mdhamini apatikane, na siku hizi maombi yote hupelekwa kwa mtandao. Kwa mtu wa mjini hayo ni kazi ya siku tatu. Kwa mtoto wa kitongoji ambacho gari hupita siku za gulio tu, ni kazi ya mwezi, na dirisha la maombi halimngoji. Nawasihi wazazi ambao watoto wao wako kidato cha tatu leo waanze leo. Aliyepata pacha waandikishe wote wawili, maana hilo nalo limetokea.

Na aliyepata mkopo naye ana shida ya mlangoni. Miaka michache iliyopita binti wa mwanachama wetu mmoja, mama mjane, alipata mkopo karibu kamili. Wote tulifurahi. Kisha akaja ofisini na mama yake, wameshika karatasi ya maagizo ya chuo: ada ya kujiandikisha, bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 50,400, godoro, nauli, na chakula cha majuma ya kwanza kabla ya fedha ya Bodi haijaingia katika akaunti. Walikuwa wamekwisha uza mbuzi. Makarani, walinzi wa ghala na wajumbe wawili wakachanga mle mle ofisini, na binti akaondoka kwa basi la alfajiri. Nilipomwona akipanda nilizikumbuka ndege za Mboya, nikaona kwamba shida ni ile ile ya mwaka 1959.

Tusiwasahau wanafunzi wa ufundi, ambao mara nyingi huwekwa nyuma kana kwamba wao ni mabaki. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975, na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994; sehemu kubwa ya fedha yake imetokana na tozo wanayolipa waajiri, na kwa hiyo karo ya mwanafunzi ni ndogo ukilinganisha na gharama yenyewe. Lakini fundi hujifunza kwa vifaa. Ovaroli, viatu vigumu, koleo, bisibisi za namna mbalimbali, mita ya kupimia umeme: hayo hununuliwa na mzazi. Kijana anayetengeneza mashine zetu za kumenyea kahawa mbivu alisoma chuo cha ufundi, na mwaka wake wa kwanza nusura aache kwa sababu ya bei ya sanduku la vifaa. Mjomba wake akauza miti. Msimu uliopita mashine mbili ziliharibika katika juma lenye kahawa nyingi kuliko yote. Alizitengeneza usiku, na kahawa haikuoza. Kabla yake tulikuwa tukimwita fundi wa kutoka mjini, tukamlipa na posho ya safari.

Sasa nafika kwenye hoja iliyo mbele ya Mkutano Mkuu. Bodi ya Chama Kikuu imependekeza kuanzisha Mfuko wa Elimu kwa kukata shilingi 10 katika kila kilo ya kahawa. Tuseme chama cha msingi kimoja kinapeleka kilo 100,000 kwa msimu; hizo ni shilingi 1,000,000. Vyama 20 vya kiasi hicho vitatoa shilingi 20,000,000. Fedha hiyo, wanachama wenzangu, haimsomeshi daktari. Tukijidanganya kwamba tutalipa karo za vyuo vikuu, itatosha watoto wasiozidi hesabu ya vidole, nao watakuwa watoto wa tunaowajua. Lakini ikielekezwa kwenye vyeti, nauli, bima, godoro na masanduku ya vifaa vya ufundi, kwa shilingi 200,000 kila mmoja itawavusha vijana 100 kwa mwaka.

Wapo wanaotaka Mfuko uwe wa kukopesha, ili fedha irudi. Nimeisikiliza hoja yao kwa makini, nami sikubaliani nayo. Serikali inaweza kukata mshahara. Sisi tutakata nini cha kijana aliyekwenda Mwanza au Dar es Salaam? Tutabaki kumdai mama yake kwenye mizani, na hapo tutakuwa tumemfanya mwanachama kuwa mdaiwa kwa sababu mwanawe amefaulu. Afadhali iwe bursari, iwe ndogo, na iwe kwa sharti moja tu, kwamba aliyeipokea aje siku ya Mkutano Mkuu mmoja asimame aseme anasoma nini.

Wapo pia wanaoikataa kabisa, na kwa hawa sina neno kali. Wazee wetu wamekatwa mengi katika maisha yao: ya ujenzi, ya mwenge, ya akiba ambayo hawakuiona tena. Mzee mmoja wa kamati yangu aliniuliza, "Katibu, hizi nazo nitaziona wapi?" Nikamwambia ataziona ukutani. Pendekezo lililoandikwa linasema kwamba kila robo ya mwaka, kila chama cha msingi kibandike kwenye ubao wa ghala fedha iliyokatwa, fedha iliyotolewa, kitongoji cha aliyepewa, na kitu kilichonunuliwa. Linasema pia kwamba mtoto wa mjumbe wa bodi, wa meneja, au wa katibu hataombewa na mzazi wake, bali na mkutano wa chama chake cha msingi. Kifungu hicho cha mwisho mimi ndiye niliyekiomba, nami nina watoto wawili.

Mzee hakunijibu kama ameridhika. Aliuliza ubao wetu una paa, kwa maana mvua za masika huziosha karatasi. Hauna. Tumekwisha agiza mabati mawili, nayo yamo katika hesabu za mwaka huu, ukurasa unaofuata huu. Hoja yenyewe ni ya 9 katika ajenda.